Tunakula sinia moja na bakteria ni wale wale: kwa nini vidonda vya tumbo vimempata kaka peke yake?

#1 Binti Ngamiani (mleta mada)

Habari za jioni, wana jukwaa.

Nyumbani kwetu hapa Tanga tupo watu saba, na chakula chetu ni cha sinia moja. Mwezi uliopita kaka yangu mkubwa, ambaye ni kuli bandarini, alitapika damu, akalazwa, na alipopimwa kwa mpira wenye kamera akaonekana ana kidonda mwanzoni mwa utumbo mwembamba pamoja na bakteria wanaoitwa Helikobakta pailori. Sisi sita tuliobaki tukaambiwa tupime choo. Watano tumekutwa na bakteria hao; mdogo wetu wa mwisho peke yake hana.

Kinachonikosesha usingizi ni mama. Ana umri wa miaka 68, bakteria anao, na hajapata kulalamikia tumbo tangu nimjue. Asubuhi anakunywa kahawa chungu na mchana anakula achari ya ndimu. Mimi mwenyewe napata kiungulia mara moja moja, wengine hawana lolote.

Sitafuti dawa, kwa sababu kaka ameshaanza dozi yake. Nataka kuelewa ukuta wa ndani wa tumbo una kinga gani ya asili dhidi ya bakteria hawa, na kwa nini kinga hiyo imemtosha mama lakini haikumtosha kaka. Nimesikia pia kwamba ute wa tumbo wenyewe una kitu kinachofanya kazi kama antibaiotiki. Je, ni kweli, au ni maneno ya wauzaji wa mitishamba?

#2 Mvuvi wa Sahare

Pole sana dada, Mungu amponye kaka yetu.

Kwa uelewa wangu kinga ni tindikali. Sisi wavuvi tunaijua nguvu yake kwa macho. Dagaa akivuliwa akiwa ameshiba, kisha akaachwa juani bila barafu, baada ya saa chache tumbo linapasuka lenyewe, kwa sababu vile vilivyokuwa vinasaga chakula vinageuka kumsaga yeye. Kitu chenye nguvu ya namna hiyo kinashindwaje kuua mdudu asiyeonekana kwa macho? Naona watu wanaokunywa magadi na vidonge vya kupunguza asidi kila siku ndio wanaojivunjia ngome wenyewe, na huenda kaka ni mmoja wao.

#3 Tabibu Mstaafu

Mvuvi wa Sahare amegusa jambo la kweli, ila limeishia nusu ya njia.

Tumbo hutoa takribani lita 2 za maji ya kusagia chakula kwa siku, na ukali wake ukipimwa kwa kipimo cha pH hufika kati ya 1.5 na 2 wakati tumbo ni tupu (namba ikiwa ndogo ukali ni mkubwa, na 7 ni kama maji safi). Bakteria wengi wanaoingia na chakula hufia humo. Mfano mzuri ni kipindupindu: watu waliojitolea kufanyiwa majaribio walipopewa magadi kwanza ili tindikali yao ipoe, vilitosha vijidudu vichache mno kuwafanya waugue, ilhali wale ambao tindikali yao haikuguswa walihitaji kumeza idadi kubwa sana. Kwa hiyo ni kweli kwamba dawa za kupunguza asidi zikinywewa muda mrefu bila sababu hufungua mlango kwa baadhi ya magonjwa ya kuhara.

Pailori, hata hivyo, ana mbinu yake. Ana kimeng'enya kinachoitwa yurizi, ambacho huivunja urea iliyomo ndani ya maji ya tumbo na kuigeuza amonia na hewa ya kaboni. Amonia hiyo huituliza tindikali inayomzunguka, akapata nafasi ya kuogelea kwa mikia yake hadi ndani ya ute. Akishafika huko tindikali haimpati tena, kwa sababu ute huo huo unaomlinda binadamu asijisage unamlinda na yeye. Juu ya ute pH ni 2, lakini chini yake, pale ulipogusana na seli, inakaribia 7, kwa kuwa seli zinatoa bikaboneti, yaani chumvi inayoipoza tindikali, muda wote. Hapo ndipo ulipo utofauti wa mtu aliye hai na dagaa wako, Mvuvi: dagaa akifa, ute na bikaboneti havitengenezwi tena na seli hazijirudishi upya, lakini vimeng'enya vinaendelea na kazi.

#4 Binti Ngamiani

Shikamoo mzee wangu, na ahsante. Kama tindikali haimpati akishaingia kwenye ute, basi huko ndani ya ute anakutana na nini?

#5 Msomi wa Maabara

Hapo ndipo jibu la swali lako la mwisho linapoanzia, dada, na si maneno ya wauzaji wa mitishamba.

Ute wa tumbo unatengenezwa na protini kubwa zinazoitwa musini, zilizofunikwa na minyororo ya sukari kama mti uliojaa matawi. Tumboni zipo za aina mbili kuu. Ya kwanza, MUC5AC, hutolewa na seli za juu. Ya pili, MUC6, hutolewa na tezi zilizo chini, ndani ya vijishimo vya ukuta wa tumbo. Kwa muda mrefu wachunguzi waliona kwamba pailori hujazana kwenye ute wa juu na ni nadra kumkuta kwenye ule wa tezi, nao wakajiuliza kuna nini huko chini kinachomkimbiza.

Mwaka 2004 watafiti wa Japani na Marekani walitoa jibu. Baadhi ya minyororo ya sukari ya MUC6 ina ncha ya pekee, yaani sukari ya N-asetiliglukosamini iliyoungwa kwa namna isiyo ya kawaida. Pailori hawezi kutengeneza kolesteroli yake mwenyewe, hivyo huichukua kwa mwenyeji wake, akaibandika sukari na kuitumia kujengea ukuta wa seli yake. Ile ncha ya MUC6 huzuia kazi hiyo ya kubandika. Watafiti walipowaotesha bakteria mahali penye sukari hiyo, bakteria walikua kwa shida, wakarefuka na kujikunja vibaya, wakapoteza mwendo, na wengine wakapasuka. Hiyo ndiyo antibaiotiki ya asili uliyoisikia, na kila mmoja wetu anaitengeneza bila kuinunua popote.

Nadhani mama yako ana ute wa tezi ulio imara kuliko wa kaka.

#6 Mama Pili wa Makorora

Mimi si msomi, lakini nimeuguza. Mume wangu alipata vidonda mwaka aliopunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge. Hakuwa na historia ya tumbo kabla ya hapo. Alikuwa halali, anawaza ada za watoto, na baada ya miezi mitatu akaanza kuumwa usiku wa manane. Kuli wa bandarini anashinda akiwaza kama kesho kutakuwa na meli, ilhali mama amemaliza kulea na ametulia. Msiyaache mawazo nje ya hesabu zenu.

#7 Tabibu Mstaafu

Mama Pili, pole kwa uliyoyapitia. Nilipoanza kazi ndivyo tulivyofundishwa: vidonda vya tumbo ni mawazo, pilipili na asidi nyingi. Tuliwapa wagonjwa maziwa na kuwaambia wapumzike.

Mambo yalibadilika Perth, Australia. Robin Warren aliona kwa hadubini bakteria waliojipinda kwenye vipande vya nyama vilivyotolewa matumboni mwa wagonjwa, na kijana Barry Marshall akajaribu kuwaotesha maabara bila mafanikio, kwa kuwa vyombo vilikuwa vikitupwa baada ya siku 2. Pasaka ya mwaka 1982 vyombo vikasahaulika kwa siku 5, na bakteria wakaota. Wenzake hawakumsadiki. Mwaka 1984 Marshall akanywa kikombe cha bakteria hao, na baada ya siku chache akaanza kutapika, na kamera ikaonyesha tumbo lililovimba ambalo kabla yake lilikuwa zima. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Sisemi mawazo hayana nafasi kabisa. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi la Kobe, Japani, mwaka 1995, madaktari waliona vidonda vinavyovuja damu vikiongezeka. Msongo mkubwa unaweza kulifanya tumbo lililo tayari na bakteria lishindwe kujihami, ingawa peke yake mara nyingi hautoshi.

#8 Mama Pili wa Makorora

Basi tumekubaliana, maana nami sikusema ni mawazo peke yake.

#9 Mkulima wa Muheza

Msomi wa Maabara (#5), ulivyoeleza ni vizuri, lakini sentensi yako ya mwisho umeirukia. Umejuaje kwamba ute wa mama una nguvu kuliko wa kaka, wakati hakuna aliyeupima? Kaka huyo ni mtoto aliyemzaa yeye. Tuelezeni kwanza ni nini kinachoweza kuudhoofisha ute wa mtu mmoja ndani ya familia moja.

#10 Tabibu Mstaafu

Swali zuri, na linanirudisha kwa mleta mada. Mwanangu Binti Ngamiani, kaka yako anabeba magunia. Je, huwa anakunywa dawa za maumivu?

#11 Binti Ngamiani

Nimemuuliza sasa hivi. Anasema kwa miaka miwili, karibu kila jioni akitoka kazini na mgongo unamuuma, ananunua diklofenaki dukani, vidonge viwili, na mara nyingi anavimeza kabla ya kula. Hospitali alisema hatumii dawa yoyote, kwa kuwa hakuvihesabu kuwa ni dawa. Nimeumia kusikia hivyo. Tumeishi naye nyumba moja na hakuna aliyejua.

#12 Tabibu Mstaafu

Usijilaumu, wagonjwa wengi hujibu hivyo hivyo. Mwambie amweleze daktari wake kesho, bila kuficha.

Uhusiano wake na ute ni huu. Tumbo linatengeneza vitu vinavyoitwa prostaglandini, ambavyo huziamuru seli zitoe ute na bikaboneti na huifanya damu ipite vizuri ukutani. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni huzuia utengenezaji wa prostaglandini. Ndiyo njia yao ya kutuliza maumivu, na ndiyo njia yao ya kuliumiza tumbo. Wengi hudhani wakichoma sindano badala ya kumeza kidonge wanaliepusha tumbo. Hawaliepushi, kwa sababu dawa ikishafika kwenye damu inafanya kazi ile ile popote prostaglandini zinapotengenezwa. Na mtu mwenye pailori anayetumia dawa hizi anajiweka kwenye hatari kubwa kuliko aliye na kimojawapo tu.

#13 Mvuvi wa Sahare

Kwa hiyo uzi umejibiwa: ni diklofenaki.

#14 Mkulima wa Muheza

Haujajibiwa, ndugu yangu Mvuvi. Mke wangu hajawahi kumeza hizo dawa, ni mtu wa kukandwa kwa maji ya moto tu, na amekuwa na kidonda mara mbili. Alipopimwa alikutwa na bakteria hao hao. Tena yeye ni mlaji wa mchicha na matembele kuliko mtu yeyote hapa kijijini. Alipochangia damu aliambiwa ni wa kundi O, na muuguzi mmoja akamwambia watu wa kundi O ndio wenye vidonda. Je, hilo lina ukweli?

#15 Msomi wa Maabara

Lina ukweli kiasi. Tangu miaka ya 1950 imeonekana kwamba wenye kundi O hupata vidonda vya mwanzo wa utumbo mwembamba kwa kiwango cha juu kidogo kuliko wengine. Sababu mojawapo inayotajwa ni jinsi bakteria wanavyojishikiza. Pailori ana kishikizo kinachoitwa BabA kinachonasa sukari fulani iliyopo juu ya seli za tumbo, inayoitwa Luwisi b. Kwa mtu wa kundi A sukari hiyo huongezewa kipande kingine, na kuna bakteria ambao kipande hicho huwazuia wasinase vizuri. Wapo wengine wanaonasa zote mbili, kwa hiyo kundi A si kinga kamili.

Jambo linalonipendeza zaidi ni kwamba sukari hiyo hiyo imo pia ndani ya ute. Musini zinazoelea humo zinafanya kazi kama chambo: bakteria anajishika kwenye musini akidhani amefika kwenye seli, kisha ute unasukumwa chini na chakula naye anaondoka nao. Seli zenyewe za juu hubadilishwa kila baada ya siku chache, hivyo hata aliyefanikiwa kushika seli huipoteza. Ndiyo maana inambidi aogelee upya kila wakati kurudi ndani. Ukijumlisha lisozimu na laktoferini, ambazo ni protini zinazopambana na bakteria, vijiprotini vidogo vinavyotoboa ukuta wa bakteria, na kingamwili zinazomwagwa kwenye ute, utaona kwamba ukuta wa tumbo hauna ngome moja.

#16 Binti Ngamiani

Mama ni O. Kaka naye ni O. Kadi zao za hospitali ninazo hapa mkononi.

#17 Mwalimu wa Baiolojia, Pangani

Nimeufuatilia uzi tangu jana na nina masahihisho mawili.

La kwanza ni kwa Msomi (#5). Ule uchunguzi wa mwaka 2004 ni wa kweli na ni mzuri, lakini usitufanye tuamini kwamba ndani ya tezi pailori hafiki. Tafiti za baadaye, zilizotumia hadubini za kisasa zaidi kwenye matumbo ya panya na ya binadamu, zimekuta vikundi vidogo vya bakteria vimejificha ndani kabisa ya vijishimo, karibu na seli mama zinazozaa seli nyingine. Kutoka huko wanaweza kujaza upya eneo la juu. Ute wa MUC6 unapunguza kasi yao, haujawafungia mlango kabisa.

La pili ni kwamba wote mmemwangalia mwenyeji na kumsahau mgeni. Pailori si wa aina moja. Baadhi wamebeba jeni za protini inayoitwa CagA pamoja na kitu mfano wa sindano cha kuichomea ndani ya seli zetu. Hao huleta uvimbe mkali (yaani ukuta wa tumbo kuwaka na kuvimba, si uvimbe wa saratani) kuliko wasio nayo. Wanafamilia mara nyingi huambukizana bakteria wa ukoo mmoja, lakini si lazima. Huyu kaka anakula wapi mchana, nyumbani au kwa mama lishe wa bandarini?

#18 Msomi wa Maabara

Sahihisho la kwanza nalipokea, mwalimu, nililieleza kwa uhakika uliopitiliza.

Naongeza tu kwamba ncha ile ya sukari inaonekana kuwa na kazi nyingine. Mwaka 2012 ilichapishwa kazi ya panya walioondolewa kimeng'enya kinachoibandika ncha hiyo: walipata saratani ya tumbo hata bila kuambukizwa pailori. Maana yake ute huo unamlinda mwenye tumbo kwa njia isiyohusu bakteria pekee.

#19 Mama Pili wa Makorora

Kaka akila mchana kwa mama lishe, basi anakula ugali na maharage. Mboga za majani hazionji. Mama nyumbani anakula kisamvu cha nazi na mchicha kila siku. Mkulima ametaja mchicha kwa kuupinga, lakini mimi sijaridhika. Mboga za majani hazina kazi yoyote kwa tumbo?

#20 Mwalimu wa Baiolojia, Pangani

Zina kazi, dada Mama Pili, na ni kazi ya ajabu. Mchicha na mboga nyingine za majani zina naitreti kwa wingi. Ukishazila, sehemu ya naitreti huingia kwenye damu, ikanyonywa na tezi za mate na kurudishwa mdomoni. Bakteria wema wanaoishi nyuma ya ulimi huigeuza naitraiti, nawe unaimeza pamoja na mate. Ikikutana na tindikali ya tumbo inageuka kuwa naitriki oksaidi, gesi inayoua vijidudu vingi kwa nguvu kuliko tindikali peke yake, na ambayo pia huongeza damu na ute ukutani. Mate tunayoyameza mchana kutwa ni sehemu ya kinga ya tumbo.

#21 Tabibu Mstaafu

Nakubaliana na mwalimu, nikiongeza tahadhari. Njia hiyo inahitaji tindikali. Mtu ambaye tumbo lake limechoka kutoa tindikali hapati faida hiyo, na naitraiti ikikaa ndani ya tumbo lisilo na ukali inaweza kuzaa kemikali zinazotiliwa shaka kuchangia saratani. Mboga ile ile, matumbo mawili, matokeo mawili. Na mke wa Mkulima ni ushahidi kwamba mboga hazimwondoi pailori aliyekwisha kujenga makazi.

#22 Mkulima wa Muheza

Na juisi ya kabichi? Hapa sokoni zile za Lushoto zinanunuliwa na wagonjwa wa vidonda kuliko na wapishi.

#23 Tabibu Mstaafu

Ni habari ya zamani. Mwaka 1949 daktari Garnett Cheney wa California aliwapa wagonjwa 13 juisi ya kabichi mbichi na kusema vidonda vyao vilifunga haraka, akadhani kuna vitamini mpya akaiita vitamini U. Wagonjwa walikuwa wachache, na vidonda vingine hufunga vyenyewe kisha vikafunguka tena, kwa kuwa bakteria bado yupo. Kula kabichi, lakini usiache dozi.

#24 Mpita Njia wa Chumbageni

Samahani kwa kuingia kati. Nilipimwa damu nikaambiwa ninao, nikanywa dozi ya siku 14, nikarudia kipimo cha damu, na bado wanasema ninao. Je, dawa zilishindwa?

#25 Tabibu Mstaafu

Kipimo cha damu kinaonyesha kingamwili, nazo hubaki muda mrefu hata bakteria wakiisha. Rudia kwa choo au kwa pumzi, angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibaiotiki, na usimamishe omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, wiki 2 kabla, la sivyo kipimo kinaweza kudanganya kwamba umepona. Inawezekana pia kwamba kweli zilishindwa, kwa maana usugu dhidi ya metronidazoli, mojawapo ya antibaiotiki zinazotumika, ni mkubwa huku kwetu Afrika. Kipimo sahihi ndicho kitakachosema.

#26 Mvuvi wa Sahare

Nina swali ambalo huenda linakwenda pembeni kidogo. Kama karibu nusu ya watu duniani wanao bakteria hawa, na wengi wao hawaugui, je, inawezekana kwamba si adui hata kidogo, ni jirani tu? Babu zangu wamekuwa nao na wamefika miaka 90.

#27 Mwalimu wa Baiolojia, Pangani

Si pembeni sana. Uchunguzi wa jeni uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba pailori walitoka Afrika Mashariki pamoja na binadamu takribani miaka 58,000 iliyopita na kusambaa nao duniani. Wapo wanasayansi wanaosema ukaribu huo wa muda mrefu umepunguza ukali wa bakteria kwa wenyeji waliozoeana nao. Mwaka 1992 kuliandikwa juu ya kilichoitwa fumbo la Afrika: maambukizi mengi, saratani ya tumbo chache.

#28 Tabibu Mstaafu

Nami nimefanya kazi hospitali ambazo hazikuwa na kamera hata moja. Saratani isiyoonekana haihesabiwi. Kabla ya kulikubali fumbo hilo, tuulize ni wagonjwa wangapi walizikwa na jina la maumivu ya tumbo tu. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani ulimweka pailori kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1994. Sioni ujirani hapo.

#29 Binti Ngamiani

Ahsanteni nyote. Nina habari mbili.

Mwalimu, kaka anakula mchana bandarini, ndiyo, tangu mwaka 2015. Na yule mdogo wetu asiye na bakteria, nilikuwa sijawaeleza, alilelewa na bibi Mwambani hadi akafikisha miaka 9, ndipo akaja kula sinia moja na sisi.

#30 Tabibu Mstaafu

Habari hiyo ya pili ni muhimu. Wengi huambukizwa utotoni, hasa kutoka kwa mama na ndugu. Mtu mzima anaweza kuambukizwa, ila kwa nadra. Inaonekana mdogo wenu alikuwa nje ya nyumba katika miaka ile ya hatari. Pia inapunguza uzito wa hoja ya mama lishe, kwa sababu kaka huenda alikuwa na bakteria miaka mingi kabla ya kuanza kula bandarini.

Sasa naomba niliguse swali lenyewe, mwanangu, maana kuna kitu tumekibeba tangu bandiko la kwanza bila kukipima. Umesema kinga ya mama imemtosha. Karibu kila mwenye pailori ana uvimbe wa ukuta wa tumbo, hata asipohisi chochote. Kwa wengine uvimbe unakaa sehemu ya chini ya tumbo, tindikali inazidi kutolewa, na kidonda kinatokea mwanzoni mwa utumbo mwembamba, kama kwa kaka. Kwa wengine unaenea sehemu ya juu, tezi zinazotoa tindikali zinakufa polepole kwa miaka, na mtu hahisi kiungulia kwa sababu tindikali inayomwagwa imepungua. Huyo wa pili anakula achari bila shida, na ndiye mwenye hatari zaidi ya saratani. Sisemi mama yuko hivyo. Nasema kwamba utulivu wake hauwezi kutuambia ni ute ulioshinda au ni tezi zilizochoka.

#31 Msomi wa Maabara

Mzee, hilo sikulifikiria, na linaigeuza hoja yangu yote ya #5. Bado naona inawezekana kwamba ute wake ni imara, kwani wapo wazee wengi wenye pailori ambao tumbo lao likichukuliwa kipande linaonekana na uvimbe mdogo tu.

#32 Mama Pili wa Makorora

Na mimi bado naona amani ya moyo imo. Lakini mama apimwe.

#33 Mkulima wa Muheza

Apimwe, na tusisahau kwamba kidonda cha mke wangu hakijaelezwa na yeyote humu.

#34 Binti Ngamiani

Nimemsomea mama bandiko la Tabibu (#30), nikimtafsiria maneno magumu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huo mpira wenye kamera unauma. Kaka akamweleza jinsi alivyopuliziwa dawa ya ganzi kooni na kwamba halikuchukua hata robo saa. Amekubali. Ataenda kaka atakapomaliza dozi, ili wasindikizane, na nimeomba wachukue vipande vya sehemu ya juu na ya chini ya tumbo. Vidonge vya diklofenaki kaka amevitoa ndani mwenyewe, na sasa tunamkanda mgongo kwa maji ya moto kwa zamu.

Majibu yakitoka nitayaweka hapa hapa.

#35 Mvuvi wa Sahare

Tunayasubiri, dada.